Mama Saiba na Maziwa ya Kiangazi

Mama Saiba alikuwa na kiti kimoja tu cha wateja, na kiti chenyewe kibovu. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa waya, na ukikaa ukajisahau, kinakumwaga. Nimewaona wakubwa wa ofisi, wenye beji shingoni na viatu vya kung'aa, wakikaa pale kwa adabu kama watoto wa darasa la kwanza. Nilipomzoea nilimuuliza kwa nini hanunui kingine. Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Mtu akikaa vizuri atanipigia hadithi ya maisha yake. Akikaa vibaya atasema haraka anataka nini na ako na pesa ngapi."

Hiyo ndiyo ilikuwa saiba yake, hapa Lodwar, nyuma ya soko: chumba kimoja cha mabati, kompyuta nne, mashine ya kutoa kopi, na feni iliyopuliza joto kutoka pembe moja kulipeleka pembe nyingine. Watu walikuja kutoa kopi za vitambulisho, kuandika barua za kazi, kuangalia matokeo ya mitihani. Lakini kazi aliyoivalia miwani ilikuwa moja tu, kutengeneza tovuti. Za lojingi, za shule, za vikundi vya akina mama wanaosuka vikapu, za mashirika madogo ya kule Kakuma. Kabla yake sikujua kwamba mtu anaweza kukaa Lodwar na kufanya kazi hiyo.

Alizaliwa wapi na watu wake ni akina nani, sijui, na sitajifanya najua. Alitoka Kenya, kama tunavyosema sisi Waturkana kuhusu mtu yeyote aliyepanda huku kutoka Kitale, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Jina lake halikutumika. Hata kanisani mchungaji alisema, "Tumshukuru Mama Saiba kwa kutuchapia ratiba."

Mimi nilimjia na deni la mbuzi kumi na mmoja.

Nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta, cheti ninacho, kichwa kimejaa, mfuko mtupu. Nikapanda pikipiki hadi Lorugum kwa mama yangu, mjane, nikamwambia nataka kununua laptopu nianze biashara ya kutengeneza tovuti. Baba mdogo alikuwepo. Akasikiliza, akatema tumbaku, akasema, "Msichana akiolewa anaingizanga mbuzi kwa boma. Hii yetu inawatoa!" Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

Mama hakucheka. Mama hahesabu mbuzi. Anawajua kwa rangi na kwa tabia. Aliwataja mmoja mmoja wale watakaokwenda sokoni: yule mwenye baka jeupe, yule wa kijivu anayepiga wenzake pembe, yule mwekundu aliyezaa mapacha, mpaka akafika kwa mweusi mwenye masikio meupe, aliyempenda kuliko wote, akamtaja naye. Halafu akaniambia, "Hiyo kazi yako mimi sielewi. Usinieleze sasa. Utanieleza wakirudi wote."

Nikamwahidi watarudi kufikia Krismasi. Jamani, ujinga wa ujana! Hata mvua haiahidi hivyo.

Kwa hiyo nilipoingia saiba siku ya kwanza, laptopu kifuani kama mtoto mchanga, nikimwomba Mama Saiba anionyeshe njia, sikuwa natafuta hekima. Nilitaka pesa, upesi. Alinikalisha kwenye kile kiti. Nikaanguka. Akangoja nisimame, akaniuliza, "Tovuti moja utauza ngapi?"

"Elfu thelathini."

"Haya. Leta kalamu."

Akaniamuru niandike. Kulipia jina la tovuti na mahali pa kuihifadhi kwa mwaka. Bando. Mafuta ya jenereta, maana stima ikienda haiagi. Nauli ya kwenda Kakuma na kurudi, mara nne, kwa sababu mteja atasema njoo Jumanne, na Jumanne atakuwa mkutanoni. Chakula cha safari. Kisha siku: siku za kutengeneza, siku za kubadilisha rangi kwa sababu mke wa mkurugenzi hapendi kijani, siku za kufuata malipo. Nilipomaliza kutoa, kilichobaki kilikuwa kidogo hata nikadhani nimekosea hesabu.

"Hujakosea," akasema. "Hicho ndicho chako. Na hapo bado hujala, hujalipa nyumba." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake saa, "Na utapata mteja kama mmoja hivi kwa mwezi. Miezi mingine hakuna."

Nilitoka pale nimenuna. Nikajiambia huyu mama amezeeka, ameridhika na kopi za shilingi kumi.

Kopi zenyewe! Hilo nalo lilinikera kwa muda mrefu. Mtu mwenye ujuzi ule, akiwa katikati ya kazi ya maana, akiingia mzee na kitambulisho kilichokunjika, anaacha kila kitu kumtolea kopi mbili. Siku moja nilimwambia anajishusha. Alinicheka mpaka miwani ikaanguka. "We msichana, kopi ndiyo inalipa kodi ya hii nyumba. Tovuti inanilipia karo na heshima. Ukitaka tovuti ikulipie kila kitu mwaka wa kwanza, utaichukia, na itakuchukia."

Msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Alikuwa na mdomo mkali na kiburi cha kutosha watu wawili. Ukimwomba akufanyie kazi bure alikutazama kama umemtukana mama yake. Lakini kijana asiye na kazi akija kuandika barua ya kuomba kazi, alimwandikia, akamrekebishia, akamchapia nakala tatu, akamfukuza kwa ukali kabla hajatoa shukrani. Alituhubiria kila siku tusikubali malipo ya vitu, pesa tu, kisha akamtengenezea tovuti mfanyabiashara wa samaki kutoka Todonyang na akalipwa magunia mawili ya samaki wakavu. Magunia yakakaa pale ndani, nyuma ya mashine ya kopi. Mwezi mzima! Wateja waliingia wakatoka bila kuuliza bei. Nilipomkumbusha mahubiri yake, akasema, "Nilikuwa nakufundisha kwa mfano. Umeona?"

Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuna mkubwa aliyeweza kuivunja. Nusu ya malipo kwanza, halafu mteja alete picha zake na maneno yake, ndipo aguse kazi. Hakuna picha, hakuna tovuti. Mwalimu mkuu mmoja alikuja akitaka tovuti ya shule kwa wiki moja, mbio mbio, wageni wanakuja. Mama Saiba akapokea nusu, akaandika risiti, akamuuliza analeta picha lini. "Kesho." Kesho ile ilichukua miezi saba. Mimi ningekuwa nimeshajenga ukurasa mtupu, nimeujaza maneno yangu mwenyewe, kisha nikaambiwa siyo hivyo, rudia. Yeye alilala usingizi wake. Mwalimu alipokuja na picha, wageni wameshaenda zamani, alimpokea kwa salamu yetu ya Kiturkana, "Ejok" tamu kabisa, na akamaliza kazi kwa siku tisa.

Lakini kitu nilichokusudia kusimulia hapa ni yale maandishi ya ukutani. Juu ya kompyuta yake kulikuwa na karatasi yenye maneno matatu kwa kalamu nene: MAZIWA YA KIANGAZI. Wageni walidhani ni tangazo, wengine wakauliza lita ni ngapi.

Aliyapata kwa mfugaji mmoja kutoka Namoruputh, mzee aliyekuja kutoa kopi. Alipokuwa akingoja, Mama Saiba, katika kupiga soga, akamuuliza mbuzi wake wanatoa maziwa kiasi gani. Mzee akamuuliza, wakati gani? Mama Saiba akasema, kwani si kwa siku tu? Mzee akamwonea huruma. Akamweleza kwamba wakati wa mvua hata mbuzi mgonjwa anatoa maziwa, na mjinga anayaangalia hayo, anaoa, anaalika watu. Mwenye akili anajua boma lake linaweza kulisha watu wangapi kwa maziwa ya kiangazi. Yale ya mvua ni ya kushukuru na kukausha yawe akiba.

Mama Saiba hakulala usiku ule, kwa maneno yake mwenyewe. Asubuhi akatoa daftari zake zote, akatafuta miezi yake mibaya kuliko yote kwa miaka mitatu, akachukua ule uliokuwa mbaya zaidi, akasema: hii ndiyo mshahara wangu. Kodi, chakula, karo, vyote vikatwe vienee humo. Kinachozidi, mwezi mzuri, kinawekwa kando. Kuanzia siku hiyo, kila mtu aliyejisifu mbele yake kwamba biashara inaenda vizuri aliulizwa neno moja tu.

"Kiangazi?"

Mimi niliuchukia huo ukuta. Nimezaliwa bomani, nimekamua mbuzi kabla sijajua kusoma, na huyu mama kutoka Kenya ananifundisha kiangazi! Nilimwambia hivyo. Akasema, "Basi kama unakijua, kwa nini mimi ndiye niliyekibandika?"

Nikamgeuzia mgongo, na muda si mrefu nikafanya kosa langu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata kazi kutoka kwa shirika moja la Kakuma. Mradi wao ulikuwa unafikia mwisho, pesa zilikuwa zimebaki na lazima zitumike, wakataka tovuti kubwa, kwa lugha nne, na picha za kila kitu. Walinilipa laki mbili na nusu, na wakalipa upesi. Laki mbili na nusu! Nilikaa kitandani nikaizidisha mara kumi na mbili. Ndiyo, nilifanya hivyo, mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu.

Mbuzi kumi na mmoja ningeweza kuwanunua siku ile ile na chenji ikabaki. Sikuwanunua. Nilisema ngoja, mbuzi watakuja tu, ni wengi mbele, kwanza nijenge jina. Nikakodi ofisi yenye mlango wa kioo. Nikanunua makochi, meza ya duara, kibao kikubwa chenye jina langu. Kwa mama nikatuma sukari na shuka. Mama Saiba alikuja kuiona ofisi, akazunguka, akabonyeza kochi kwa kidole kama anapima nyanya.

"Kiangazi?" akauliza.

"Mama, huu si wakati wa hayo," nikamjibu, na watu wakasikia.

Akaenda zake. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Kilichofuata mnakijua. Mradi uliisha na watu wake wakahamishwa. Mwezi wa kwanza nikapata maswali ya bei. Wa pili, kijana mmoja wa duka la simu aliniambia, "Siste, hiyo si nifanyie tu, nitaku-promote." Wa tatu, kimya. Wa nne, mwenye nyumba alifunga mlango wa kioo kwa kufuli lake, na ndani nikayaona makochi yangu, safi kabisa, hayajakaliwa. Krismasi ilikuja. Sikwenda Lorugum. Niliwezaje kwenda?

Nilikwenda saiba. Nikakaa kwenye kile kiti kwa uangalifu na nikalia bila aibu. Mama Saiba alimaliza kuchapa alichokuwa akichapa. Sikumwomba mkopo, lakini macho yangu yalikuwa yanaomba, na aliyaona.

"Pesa sikupi," akasema. "Nikikupa utalipa deni kwa deni. Wamebaki wangapi?"

"Wote."

"Wote kumi na mmoja." Akashusha pumzi. Akanisogezea meza ndogo ya pembeni, karibu na mashine ya kopi. "Utakaa hapa. Asubuhi unafagia mchanga, mchana unatoa kopi. Na hizi tovuti zangu sita, za kutunza, chukua wewe. Kila mwezi wanalipa kidogo: unabadilisha bei, unaweka picha mpya, unaangalia jina lisiishe muda. Ni kidogo. Lakini hata kusipokuwa na mvua, wanalipa."

Hapo ndipo biashara yangu ilipoanzia, kwenye zile sita. Nilipata kujua kwamba tovuti mpya ni sherehe, na utunzaji ndio ugali. Nikaandika mwezi wangu mbaya kuliko yote kwenye karatasi; ulikuwa sifuri, kwa hiyo nikaanza hapo. Kila wiki nilikwenda Kakuma, nikapita duka hadi duka, kwa Wasomali, kwa Waethiopia, kwa Wakongo. Fundi cherehani mmoja Mkongo aliniuliza bei, akashika kichwa: "Yaya, ile makuta iko mingi sana!" Yaani, dada, hizo pesa ni nyingi mno. Nikamwonyesha ukurasa mmoja tu, mdogo, wa picha za nguo na namba ya simu, na malipo ya kila mwezi anayoyaweza. Akafikiri, akasema, "Hii sasa iko sawa." Bado ni mteja wangu. Harusi zinamletea watu mpaka kutoka Lokichoggio.

Mbuzi wa kwanza nilimpeleka Lorugum baada ya mwaka mmoja na nusu. Baba mdogo akauliza, "Ni mmoja tu?" Mama akamtazama mbuzi meno, akasema, "Huyu anakaa mahali pa yule mwenye baka jeupe." Basi. Hakuniuliza kazi yangu ni ipi. Wa pili, wa tatu. Mwaka mwingine ukame ukala wawili kati ya niliowarudisha, na mimi nikawahesabu kama hawajarudi. Mama alisema si lazima. Nikamwambia ni lazima.

Saiba ilifungwa miaka michache baadaye. Kila mtu alikuwa na simu mfukoni, na kopi peke yake haikuweza tena. Mama Saiba hakulalamika. Alisema kiangazi kimekuwa kirefu kuliko maziwa, na mtu mwenye akili anahama. Akauza kompyuta, akaenda Kakuma kufungua mkahawa wa chai na vyumba vitatu vya wageni. Mimi nilipanga chumba changu kidogo, cha mabati vilevile. Siku ya kuondoka aliniletea kile kiti, akakiweka mlangoni, akaenda.

Halafu juzi, kabla ya mvua, akatokea. Amekonda, anatembea polepole, lakini mdomo ni uleule. Nikaruka kumkumbatia. Akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, akajisahau, kidogo kimmwage. Tukacheka mpaka jirani akachungulia.

"Nataka tovuti," akasema. "Ya vyumba vyangu. Wageni wanapiga simu kutoka Nairobi wanauliza kama kuna neti ya mbu."

"Mama, hiyo nitakufanyia mimi. Bure kabisa."

Uso wake ukabadilika. Nilidhani ananipiga.

"Bure? Nimekaa na wewe miaka yote hiyo, halafu unaniambia bure? Hiyo kiangazi yako sasa hivi ni ngapi?"

Nikamtajia. Mwezi wangu mbaya kuliko yote wa miaka mitatu iliyopita. Sikuhitaji kufungua daftari. Kodi inaenea, chakula kinaenea, na kidogo cha Lorugum. Si pesa ya kujisifia mbele ya watu, lakini niliitaja kichwa kikiwa juu. Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara mbili.

"Na wamebaki wangapi?"

"Mmoja."

"Jike mzuri sokoni ni pesa ngapi siku hizi?"

"Kama elfu saba, nane hivi."

"Haya. Bei yangu ni ngapi? Ile unayowapa watu, usinipunguzie."

"Elfu kumi na nne," nikasema.

Akafungua pochi, akahesabu elfu saba juu ya meza, noti kwa noti, akilamba kidole gumba. "Nusu. Inatosha mbuzi?"

"Inatosha, kama mnunuzi anajua kubishana."

"Basi bishana."

Nilimwandikia risiti. Mahali pa jina nikaandika Mama Saiba. Akaisoma kwa mbali, kwa sababu miwani aliisahau Kakuma, akaikunja, akaitia kifuani. Nilipoanza kumshukuru alinyanyua mkono. "Usinishukuru, nimelipia kazi. Picha nitakutumia Jumatatu. Na usiguse kitu kabla sijatuma, unasikia?" Akaondoka akishika ukuta, polepole.

Jumamosi nilikwenda soko la mifugo nikabishana hadi koo likakauka. Nikampandisha mbuzi pikipiki, mweusi, masikio ya kawaida tu, lakini ana kiwele kizuri. Mama alimpokea bila haraka. Akamtazama meno, akampapasa mgongo, akamfungulia aende kwa wenzake, akamwangalia mpaka alipoingia katikati yao.

"Huyu anakaa mahali pa yule wa masikio meupe," akasema.

Kisha akatandika ngozi chini ya kivuli cha boma, akakaa, akapigapiga ngozi kando yake ili nikae.

"Sasa," akasema, "nieleze hiyo kazi yako."